Udongo uliochoka: tutaupumzishaje bila kulala njaa?

Kwa sisi tuliorudi Burundi kutoka Tanzania, swali la kwanza lilikuwa: shamba la wazazi wetu liko mikononi mwa nani? Hilo limesemwa sana, barazani, magazetini na mahakamani. Swali la pili halijasemwa vya kutosha, nalo ndilo linaloamua kama mtoto atakwenda shule ameshiba. Shamba lenyewe lina hali gani?

Wengi wetu tuliorudi mwaka 2008 na 2009, watoto wa wale waliokimbia mwaka 1972, tulikulia Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kule familia ilikuwa na hekta kadhaa. Udongo ukichoka, baba alihamishia mahindi upande wa pili, na kipande cha zamani kikaachwa kiote majani na vichaka miaka miwili au mitatu. Hakuna aliyeita jambo hilo sayansi, lakini lilikuwa sayansi. Hapa Makamba, ambayo tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025 imo ndani ya mkoa wa Burunga, mkulima wa kawaida ana nusu hekta au pungufu. Wapo tuliokuta hata hiyo nusu inabidi tugawane na familia iliyoilima zaidi ya miaka thelathini. Hakuna upande wa pili wa kuhamia. Udongo hulimwa majira ya Agatasi, ukalimwa tena Impeshi, mwaka hadi mwaka, mabua yakichomwa au kupelekwa kwa ng'ombe, na kila mvua ya Novemba huteremka nao bondeni.

Ndugu msomaji, ndiyo maana nazungumzia mazao ya kufunika udongo. Hii ni mimea, hasa ya jamii ya mikunde, ambayo mkulima huipanda si kwa ajili ya mavuno peke yake bali ili itandae juu ya ardhi, izuie mvua kuupiga udongo, inyime magugu mwanga, na mwisho ioze palepale ilipoota. Kwa lugha nyepesi, ni kuupumzisha udongo huku shamba likiendelea kulimwa.

Darasani kwangu nafundisha somo hili kwa chupa tatu za maji za plastiki zilizokatwa ubavuni. Zote tunazijaza udongo uleule. Ya kwanza tunaiacha wazi, ya pili tunaitandaza majani makavu, ya tatu tunaipanda kunde wiki tatu kabla. Kisha tunazilaza kwa mteremko na kumwagilia kila moja maji ya kikombe kimoja. Maji yanayotoka chupa ya kwanza yana rangi ya chai ya maziwa. Ya pili na ya tatu hutoka taratibu, machache, karibu meupe. Mwaka mmoja mwanafunzi wa kike aliuliza kama ile chai ndiyo inayokwenda Ziwa Tanganyika kila tunapoona mto umekuwa mwekundu. Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu.

Upande wa rutuba nao unaonekana kwa macho. Ng'oa mche wa kunde au fiwi wenye wiki sita au saba, utaona kwenye mizizi vinundu vidogo kama punje za mtama. Ndani yake wanakaa bakteria wanaochukua naitrojeni iliyoko hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Pasua kinundu kwa kucha: kikiwa chekundu ndani kama nyama, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au cha kijani, bado au hakifanyi kazi. Kwenye udongo wenye asidi kali, ambao milima yetu inao kwa wingi, vinundu huwa vichache na mmea hugeuka njano. Hapo mbegu peke yake haitakuokoa, lazima chokaa na samadi vitangulie.

Kwa wale wanaopenda hesabu: mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kwa sababu urea ni asilimia 46 naitrojeni. Mukuna iliyostawi vizuri kwenye hekta moja inaweza kuacha kiasi cha mifuko kadhaa ya namna hiyo. Lakini neno "kuacha" lina sharti lake, na hapa ndipo wengi huambiwa nusu ya habari. Sehemu kubwa ya naitrojeni huishia kwenye mbegu. Ukivuna mbegu zote ukala au ukauza, na majani ukayabeba kwenda kwa ng'ombe, udongo unabaki na mizizi tu. Huwezi kuuza shati na kuendelea kulivaa. Tena mikunde haitengenezi fosforasi, hiyo itaendelea kutoka kwenye samadi au mbolea ya dukani.

Sasa tupande nini? Mukuna ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa kufunika na kuua magugu. Watu huiogopa kwa kuwa ni ndugu wa upupu, ila ile ya kulimwa haina zile nywele za kuwasha. Ubaya wake ni kwamba hupanda juu ya kila kinachosimama. Ukiiweka shambani siku moja na mahindi itayaangusha, na karibu na kahawa usiipeleke kabisa. Subiri mahindi yafike wiki tano au sita, ndipo uipande katikati ya mistari. Na mbegu yake isipikwe kama maharage. Ina kemikali inayoleta kichefuchefu, kutapika na hata kuchanganyikiwa akili. Mwaka 1989 huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu wapatao 200 waliugua akili kwa muda baada ya kuila wakati wa njaa. Kwa nyumba yenye watoto na akiba ndogo ya chakula, hiyo ni sababu tosha ya kuifungia mbegu hiyo mahali pa juu.

Mimi nawashauri wenye mashamba madogo waanze na fiwi, ambayo kaskazini mwa Tanzania huitwa ngwara na Wakenya huiita njahi. Mizizi yake huenda chini sana, hivyo mvua ikishakatika na maharage kukauka, yenyewe hubaki kijani hadi katikati ya kiangazi. Unaipanda wiki mbili hadi tatu baada ya mahindi, mstari mmoja kati ya mistari miwili. Majani machanga ni mboga, mbegu ni chakula, ingawa zichemshwe vizuri na maji ya kwanza yamwagwe, hasa zile nyeusi. Haifuniki haraka kama mukuna, lakini hakuna mama atakayemuuliza mumewe kwa nini sehemu ya shamba imejazwa kitu kisicholiwa. Swali hilo nimelisikia kwenye nyumba nyingi, na ni swali la haki.

Ipo pia marejea, ambayo jina lake tu linatufaa sisi tuliorejea. Wamisionari Wabenedikto wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliieneza sana miaka ya 1980. Hukatwa inapoanza kutoa maua, ikalazwa palepale, na husaidia kupunguza minyoo fundo ya mizizi inayowasumbua wenye nyanya. Walio chini kule Imbo wajaribu mbaazi kwenye mipaka. Ila wafanyabiashara wakumbuke yaliyotokea mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza: bei Tanzania iliporomoka na watu wakabaki na magunia. Zao la kufunika udongo lisipandwe kwa kutegemea soko moja la mbali.

Tatizo letu kubwa zamani lilikuwa mbuzi. Mtu angeacha fiwi yake kijani mwezi Julai, asubuhi akakuta vijiti. Sheria ya mwaka 2018 inayokataza mifugo kuzurura, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2021, imebadili hali hiyo. Ng'ombe na mbuzi sasa wanalishwa bandani. Lakini imeleta ushindani mpya, maana anayefunga ng'ombe anatafuta majani, na majani mazuri ya kiangazi ni yaleyale yanayofunika udongo. Kwa maoni yangu ugomvi huo unamalizwa kwa kugawa: kata nusu ya juu ulishe, acha nusu ya chini ifunike, na samadi yote irudi kwenye mistari ileile. Anayemuuzia jirani majani bila kudai samadi anauza shamba kidogokidogo.

Faida iko wapi? Isitafutwe kwenye gunia la msimu wa kwanza, kwani halitaongezeka, na pengine litapungua kidogo. Iko kwenye palizi. Shamba la mahindi lililokuwa likipaliliwa mara tatu linaweza kupaliliwa mara mbili, na baada ya misimu kadhaa mara moja. Kwa mjane anayelipa vibarua, hizo ni fedha za daftari na sare. Kisha iko kwenye mbolea: udongo wenye mboji huishika, usio nayo huiacha ikaondoka na mvua ya kwanza. Nimeona shamba la jirani yangu, upande wenye fiwi na upande usio nayo, ukame wa wiki mbili ulipokuja wakati mahindi yanatoa ndevu. Upande mmoja majani yalijikunja saa nne asubuhi, mwingine yalisimama hadi mchana. Hasara nazo zipo: panya hujificha, nyoka vilevile, na mtoto asiingie humo miguu mitupu.

Lakini ndugu zangu, yote haya yanaangukia kwenye lile swali la kwanza. Mzee mmoja wa kolini yetu, msangwa, yaani aliyebaki nchini, anayegawana shamba na familia iliyorudi, aliniambia: "Mwalimu, unataka nilishe udongo ambao mwakani utapewa mwingine?" Nikamjibu, "Mzee, hapana. Kwanza mpaka." Mtu hapandi kitu chenye faida ya mwaka wa pili kwenye ardhi ambayo hana hakika kama ataikuta mwaka wa pili. Hupanda maharage, anavuna, anachoma mabua, anaondoka. Ukiona kilima kinamomonyoka, kabla ya kumlaumu mkulima muulize kama ana karatasi.

Familia hizo mbili ziliketi mbele ya wazee wa kolini na kuandikiana kwamba kila mmoja atakaa kwenye sehemu yake kwa misimu minne bila kubadilishana, na kwamba ikilazimika mmoja kuondoka kabla ya hapo, atavuna kwanza msimu unaofuata alichopanda. Hayo hayakumaliza kesi yao. Ila mwaka ule ule wote wawili walipanda fiwi, na mpaka kati yao wakaufanya kwa matete badala ya mawe, kwa sababu matete nayo ni chakula cha ng'ombe na huzuia udongo wa wa juu usimfuate wa chini.

Mwisho niseme na wenzangu wanaovuka Mugina kwenda Manyovu na kurudi. Mbegu za fiwi na marejea upande wa Kigoma hupatikana kwa urahisi kuliko kwetu, na wakulima huku wanazitaka. Burundi kuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007 hakuondoi kanuni ya cheti cha afya ya mimea, hata kama mzigo ni ndoo moja kwenye baiskeli. Ulizeni maofisa kabla ya kununua, si baada. Msinunue mbegu zilizochanganywa, kwani punje chache za upupu wa porini zikiingia, kijiji kizima hakitataka kusikia tena habari ya mukuna. Mnunuzi naye ana kipimo chake: funga mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, weka mahali penye joto, fungua baada ya siku tano. Zikiota saba au zaidi, panda mbili kila shimo. Zikiota chini ya hapo, panda tatu, au mrudishie aliyekuuzia. Agatasi inaanza Septemba, basi mbegu iwe imeshafika nyumbani mwezi Agosti.