Louisville: mitoko ya familia kandokando ya Mto Ohio

Katika vijiji vya Gwarama, Muhange na Makere, habari za Marekani hazikufika kwa redio peke yake. Zililetwa pia na majirani. Kuanzia 2007, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walianza kuondoka katika kambi za magharibi mwa Tanzania kwenda kuanza maisha huko. Baadaye wakafuata Wakongo wengi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996. Mmoja wa miji iliyowapokea ni Louisville, katika jimbo la Kentucky.

Louisville si New York. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya 630,000, idadi ambayo Jiji la Dodoma limeipita. Ndugu waliobaki Kigoma husikia sana kwenye simu habari za kazi: maghala ya mizigo, viwanda, zamu za usiku. Kinachosimuliwa kidogo ni Jumamosi na Jumapili. Familia yenye watoto watano, isiyo na fedha za kuchezea, hutoka kwenda wapi? Jibu lake linapendeza, kwa sababu mitoko mingi mizuri ya mji huu haina kiingilio.

Chanzo cha yote ni mto. Ohio ni mto mpana wenye kupitika kwa vyombo vikubwa, lakini hapa ulikuwa na maporomoko yaliyolazimisha mashua zisimame na kushusha shehena. Kwenye kituo hicho George Rogers Clark alianzisha makazi mwaka 1778, nayo yakapewa jina la Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa. Ng'ambo ya mto ni jimbo jingine, Indiana.

Kuvuka kwa miguu kutoka jimbo moja hadi jingine ndio mtoko unaopendwa kuliko yote. Daraja la Big Four lilijengwa 1895 kwa ajili ya treni, na wafanyakazi 37 walipoteza maisha katika ujenzi wake. Treni zilipoacha kulitumia mwishoni mwa miaka ya 1960, njia za kupandia ziling'olewa, likabaki chuma kitupu katikati ya mto kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2013 lilifunguliwa tena upande wa Louisville, na 2014 upande wa Indiana, safari hii kwa waenda kwa miguu na baiskeli tu. Jioni za kiangazi hujaa vigari vya watoto, wazee wenye fimbo, vijana wanaokimbia na wapenzi wanaopiga picha. Hakuna anayedaiwa senti.

Chini ya daraja imetandazwa Waterfront Park, bustani ya umma ya hekta zipatazo 34, iliyoanza kufunguliwa 1999. Hapo zamani palikuwa na vyuma chakavu na marundo ya mchanga na kokoto. Leo pana majani ya kukalia, michezo ya watoto na mahali pa kurukia maji siku za joto. Kabla ya kuandaliwa kwa bustani hii, mtu wa kawaida alikuwa na sehemu chache sana za kuufikia mto uliouzaa mji wake.

Gatini imefungwa meli iitwayo Belle of Louisville, na hapa msomaji wa Kigoma atasikia habari anayoifahamu. Belle iliundwa Pittsburgh mwaka 1914. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani 1913, ikasafirishwa vipandevipande hadi Kigoma na kushushwa majini 1915. Ni meli za rika moja. Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe katika Vita vya Kwanza, Waingereza wakaiopoa na kuirudisha kazini 1927, na baadaye ikawekewa injini za dizeli. Belle yenyewe bado huendeshwa kwa mvuke, gurudumu lake jekundu likichapa maji nyuma. Ilikuwa imechakaa ilipopelekwa mnadani mwaka 1962, na serikali ya Kaunti ya Jefferson, ulimo mji huu, ikainunua kwa dola 34,000. Tangu hapo imebeba vizazi vya watoto kwa safari fupi za mchana. Safari hii hulipiwa.

Ukivuka kwenda Indiana utafika Falls of the Ohio, mahali maji yanapopungua mwishoni mwa kiangazi na kuacha mwamba wazi. Mwamba huo umejaa visukuku vya matumbawe na viumbe wa baharini walioishi yapata miaka milioni 390 iliyopita, eneo hili lilipokuwa chini ya bahari yenye joto. Watoto hutembea juu yake wakiinama na kuonyeshana. Kuokota na kuondoka na kisukuku ni marufuku.

Mbali na mto, familia nyingi za wahamiaji huishi kusini mwa mji, karibu na Iroquois Park. Bustani hii ni mojawapo ya 18 zilizotokana na kazi ya Frederick Law Olmsted na kampuni yake kuanzia 1891. Ndiye huyohuyo aliyeshiriki kusanifu Central Park ya New York. Iroquois ni kilima chenye msitu, na juu yake mji wote huonekana. Chini kuna mabanda na majiko ya kuchomea nyama. Jumapili baada ya ibada, si ajabu kusikia Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda vikipishana na Kihispania, huku watoto wakijibizana kwa Kiingereza.

Bustani hizi hazikuwa za wote tangu mwanzo. Mwaka 1924 mji uliweka utaratibu wa kuwatenga watu weusi, wakabaki kutumia sehemu chache, hasa Chickasaw Park upande wa magharibi. Ubaguzi huo kwenye bustani za mji ulivunjwa kwa amri ya mahakama katikati ya miaka ya 1950. Fontaine Ferry, kiwanja cha bembea na michezo kilichokuwa jirani, kiliendelea kuwafungia watoto weusi mlango hadi 1964. Familia ya Kiafrika inayotandika mkeka leo popote ipendapo inafaidi haki iliyopiganiwa na watu waliozaliwa humohumo mjini.

Mmoja wa watoto waliokulia chini ya ubaguzi huo ni Muhammad Ali, aliyezaliwa Louisville tarehe 17 Januari 1942. Alipokuwa na miaka 12 alikwenda kwenye maonyesho mjini, baiskeli yake ikaibwa. Aliposema atampiga mwizi, polisi Joe Martin, aliyekuwa akifundisha ndondi, alimshauri ajifunze kwanza kupigana. Miaka 20 baadaye, tarehe 30 Oktoba 1974, alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa, na hadi leo Wakongo huusimulia usiku ule kama sikukuu yao. Watanzania wana kumbukumbu nyingine: Februari 1980 alifika Dar es Salaam akitumwa na Rais Jimmy Carter kuiomba nchi isusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Makumbusho yake, Muhammad Ali Center, yalifunguliwa 2005 karibu na mto. Kaburi lake, katika makaburi ya Cave Hill, hutembelewa bure.

Kuna pia sehemu za kulipia. Bustani ya wanyama, iliyofunguliwa 1969, ina twiga, pundamilia na simba. Mtoto aliyekulia Nyarugusu, si mbali na Pori la Akiba la Moyowosi, anaweza kumwona twiga kwa mara ya kwanza huku Kentucky. Uwanja wa Churchill Downs huendesha mbio za farasi za Kentucky Derby Jumamosi ya kwanza ya Mei. Watu hufika zaidi ya 100,000 kushuhudia mbio za kilomita mbili zinazomalizika kwa dakika mbili hivi. Mbio za kwanza, mwaka 1875, zilikuwa na wapanda farasi 15, na 13 kati yao walikuwa watu weusi, akiwamo mshindi, Oliver Lewis. Agosti huwa na maonyesho ya jimbo, yenye ng'ombe, mbuzi, kuku na mahindi ya kushindanishwa. Mkulima wa Kakonko aliyewahi kwenda Nane Nane atajiona nyumbani.

Kwa wasio na uwezo, mji umetafuta njia. Tangu 2014, katika miezi ya kiangazi, watoto na vijana hadi miaka 21 hupewa kwenye maktaba za umma pasi inayowaingiza bure katika makumbusho na vituo vingi vya sanaa. Maktaba ya Iroquois huendesha pia mazungumzo ya kujifunza Kiingereza kwa wageni. Baridi inapokaza na bustani kubaki tupu, maktaba ndiyo hugeuka kuwa mtoko.

Mwenye gari huweza kwenda mwendo wa saa moja na nusu kusini hadi Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani: njia zilizopimwa zimepita kilomita 680. Ndani ni nyuzi 12 za sentigredi mwaka mzima. Sehemu kubwa zake za mwanzo ziligunduliwa na Stephen Bishop, mtumwa aliyeanza kuwaongoza wageni humo mwaka 1838.

Mkoa wa Kigoma haukosi vya kuonyesha. Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, ni safari ya boti kutoka Kigoma mjini. Ujiji kuna makumbusho mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Bado familia nyingi za Gwarama na Kibondo hazijafika huko, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi ndiyo kiingilio kizito kuliko cha mlangoni. Halmashauri za mkoa zinaweza kuanzia hapo: basi la likizo kwa wanafunzi, pasi ya mtoto kwenye makumbusho, sehemu ya ufukwe wa ziwa iliyotengwa kwa kukaa na kucheza. Na Liemba, mali ya umma tayari, ingeweza kutengewa alasiri moja ya Jumamosi kwa ajili ya watoto.