Matairi ya SUV: Namba za Kusoma na Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kulipa

Mwezi Desemba unapokaribia, familia nyingi hujiandaa kwa safari ndefu kuelekea Kilimanjaro, Kagera, Mbeya na mikoa mingine, na sehemu kubwa ya safari hizo hufanywa kwa magari ya SUV yaliyoingizwa nchini yakiwa yametumika. Injini hupelekwa kwa fundi mapema, mafuta hubadilishwa, breki hukaguliwa. Matairi hukumbukwa mwisho, mara nyingi siku moja kabla ya safari, mnunuzi akiwa na haraka na muuzaji akilijua hilo. Ni katika mazingira hayo ndipo fedha nyingi hulipwa kwa tairi lisilolifaa gari.

Taarifa ya kwanza ambayo mmiliki anapaswa kuwa nayo haipo dukani, bali ipo kwenye gari lake. Ukifunguliwa mlango wa dereva, kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko kinachoonesha ukubwa wa tairi lililokusudiwa na mtengenezaji pamoja na kiwango cha upepo. Katika magari yaliyotoka Japani, upepo huandikwa kwa kipimo cha kPa. 220 kPa ni karibu sawa na PSI 32 zinazosomwa kwenye mashine nyingi za vituo vya mafuta. Kibandiko hicho ndicho cha kufuatwa, si namba za tairi lililofungwa sasa, kwa kuwa tairi hilo huenda lilichaguliwa na mmiliki wa awali kwa kubahatisha.

Mfano mzuri ni 225/65R17 102H, ukubwa unaotumiwa na Toyota RAV4 nyingi za kizazi cha tatu. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu wa tairi kikiwa asilimia ya upana huo, herufi R inaonesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wanunuzi wengi huishia hapo, na wauzaji wengi pia. Sehemu iliyobaki, 102H, ndiyo inayoeleza uwezo wa tairi. Namba 102 si kilo 102. Ni alama inayomaanisha kuwa tairi moja linaweza kubeba hadi kilo 850 likiwa na upepo unaostahili. Herufi H inamaanisha mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa.

Tairi lenye alama 98 linaweza kuingia kwenye rimu ileile na kuonekana halina tofauti, lakini uwezo wake ni kilo 750. Pungufu ya kilo 100 kwa kila tairi ni pungufu ya kilo 400 kwa gari zima, katika gari linalosafiri na abiria watano, mizigo ndani na magunia juu ya keria. Tairi lililozidiwa mzigo hupinda zaidi ubavuni kila linapozunguka, hupata joto, na joto hilo ndilo hulegeza mpira na nyuzi hadi tairi linapasuka. Hali huwa mbaya zaidi pale upepo unapokuwa pungufu na lami ikiwa imeiva kwa jua la mchana.

Wapo wanaopenda kufunga matairi makubwa kuliko yaliyopendekezwa ili gari lionekane limenyanyuka. Toyota Prado inayotumia 265/65R17 ina tairi lenye kipenyo cha takribani milimita 776. Likifungwa 265/70R17, kipenyo hufika takribani milimita 803. Maana yake ni kwamba mshale wa spidi ukisoma 80, gari linakwenda karibu 83. Aidha, tairi linaweza kugusa tao la gurudumu usukani unapokatwa hadi mwisho, na gari huhitaji nguvu zaidi kuondoka, jambo ambalo mwenye gari hulilipia kituo cha mafuta.

Kwa magari ambayo mfumo wake hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote wakati wote, matairi manne yanapaswa kuwa ya ukubwa mmoja na yenye kashata zinazokaribiana. Tairi jipya na lililolika hayazunguki kwa idadi sawa katika umbali uleule, hivyo vifaa vinavyogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Aliyeokoa bei ya matairi mawili anaweza kujikuta akilipia gia. Gari linaloendeshwa na magurudumu mawili tu linaweza kubadilishiwa jozi moja, na hapo ushauri wa watengenezaji wengi wa matairi ni kuweka mapya nyuma, kwa sababu gari likiteleza nyuma kwenye maji ni vigumu zaidi kulirudisha kuliko likiteleza mbele. Mafundi wengi wa mitaani hufanya kinyume chake, hata kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, kwa imani kwamba penye usukani ndipo panapohitaji tairi bora.

Umri wa tairi ni suala lenye udanganyifu mwingi zaidi. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne ndani ya umbo la duara lililobanwa. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mfululizo kamili huweza kuwa upande mmoja tu, kwa hiyo mnunuzi aombe tairi ligeuzwe. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililotumika zaidi ya miaka mitano likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifika miaka kumi liondolewe hata kama kashata zinaonekana nzuri. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na tairi jeusi linalong'aa dukani linaweza kuwa limepakwa dawa asubuhi hiyo.

Matairi ya mtumba yanahitaji tahadhari ya pekee. Baadhi ya yanayotoka Japani yameandikwa STUDLESS, yaani yalitengenezwa kwa ajili ya theluji na barafu. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike kwenye baridi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga hulika haraka na gari huyumba kwenye kona. Kuna pia matairi kipara yaliyochongwa upya kwa kisu cha moto ili yaonekane yana kashata. Tairi la SUV halikutengenezwa kuchongwa. Kinachopunguzwa ni ngozi inayofunika nyuzi za chuma. Njia ya kulitambua ni kutafuta vijiti vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji ya kashata, ambavyo huonesha kuwa kina kimebaki milimita 1.6. Mfereji ulioshuka chini ya kijiti, au usio na kijiti kabisa, umechongwa.

Baada ya hapo ndipo swali la aina linapofaa. Tairi lililoandikwa H/T ni la lami: tulivu, jepesi, na hutumia mafuta kidogo. A/T ni la njia mchanganyiko na linamfaa anayetoka kwenye lami kwenda shamba kila wiki. M/T, lenye kashata kubwa zilizoachana, ni la matope. Kwenye lami hupiga kelele na hulika mapema. Mkazi wa mjini anayepita matope mara mbili wakati wa masika hana sababu ya kulinunua.

Kuhusu bei, ulinganisho wenye maana ni wa gharama kwa kilomita. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, tairi la mtumba linauzwa Sh 120,000 na linatarajiwa kwenda kilomita 10,000. Jipya la bei nafuu Sh 280,000 kwa kilomita 30,000. Na jipya la daraja la juu Sh 420,000 kwa kilomita 60,000. Kwa matairi manne, la kwanza linagharimu Sh 48 kwa kilomita, la pili takribani Sh 37 na la tatu Sh 28. Hesabu hiyo hugeuka kwa mtu anayeendesha kilomita chache kwa mwaka, kwa kuwa tairi lake litazeeka kabla ya kulika. Huyo la kati linamtosha. Bei iulizwe pia ikiwa kamili: kufunga, kubalansi, valvu mpya na alaimenti. Punguzo la tairi lisilojumuisha hayo huweza kuwa dogo kuliko linavyotangazwa.

Malipo yafuatwe na risiti ya kielektroniki ya EFD, na ukubwa pamoja na jina la tairi viandikwe kwenye ankara. Bila hivyo, mnunuzi atakosa ushahidi tairi likivimba ubavu baada ya wiki mbili. Malalamiko kuhusu ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na yanayohusu bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu matairi kufungwa, na upepo upimwe yakiwa ya baridi, kabla ya safari kuanza. Tairi la akiba nalo lisomwe tarehe yake. Katika magari mengi yaliyoingizwa yakiwa yametumika, tairi hilo lililoning'inia nyuma au chini ya buti lina umri sawa na gari lenyewe.