Mita 12 za Bahari, Mita 1,700 za Mlima

Mkesha wa mwaka mpya, mwishoni mwa 1902, meli ya Waingereza iitwayo Great Northern ilizama kwenye mwamba wa Fungu, nje ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ilikuwa meli ya kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, kazi iliyoipa Zanzibar mawasiliano na dunia tangu waya wa kwanza ulipofika mwaka 1879. Mabaki yake bado yapo, yamevunjikavunjika na kuotwa na matumbawe, kwenye kina kisichozidi mita 12. Jengo la ghorofa nne lingetosha kufika kutoka sakafu ya bahari hadi juu ya maji.

Mtu wa Mbeya au Iringa anayetaka kuiona kwa macho yake atauliza kwanza bei. Ni swali la haki, nami nitalijibu. Ila gharama inayostahili kutangulia katika hesabu zake hailipwi kwa shilingi. Hulipwa kwa saa, na hulipwa njiani kurudi nyumbani.

Tuanze na mtungi. Vituo vya kuzamia hutumia mitungi ya takriban lita 11, inayojazwa hewa hadi baa 200, yaani lita 2,200 za hewa ya kawaida. Usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni baa 1, na kila mita 10 za maji huongeza baa 1 nyingine. Kwenye mita 12 kifua chako kinabanwa na baa 2.2. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa nchi kavu, kule chini atatumia lita 44. Akibakiza baa 50 kama akiba ya kupandia, jambo ambalo kila mwalimu hulisisitiza, zinabaki lita 1,650 za kutumia. Gawanya: dakika 37.

Sasa peleka mtungi huohuo na mtu yuleyule kwenye mita 30. Mgandamizo ni baa 4, matumizi ni lita 80 kwa dakika, na hewa inamtosha dakika 20. Huko pia jedwali la mbizi za burudani linalotumiwa zaidi duniani, la PADI, linamruhusu dakika 20 tu kabla naitrojeni iliyoingia mwilini haijawa nyingi mno kumwezesha kupanda moja kwa moja. Kwenye mita 12 jedwali hilo linatoa dakika 147. Kwa hiyo kwenye Great Northern mtungi utaisha muda mrefu kabla ya mwili kufika ukingoni. Kwenye mita 30 vyote viwili vinafika pamoja, na kosa dogo halina pa kujificha. Ndiyo maana naipendekeza Great Northern bila kusita kwa anayeanza, na kumwachia mzoefu HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani mbele ya mji huohuo tarehe 20 Septemba 1914, ambayo imelala chini zaidi.

Kina kifupi kinaendana na sheria za mafunzo pia. Asiye na cheti anaruhusiwa kushuka na mwalimu hadi mita 12, basi. Mwenye cheti cha kwanza anaruhusiwa mita 18. Lakini asije mtu akadhani kina kifupi hakina hatari. Hewa iliyomo mapafuni ukiwa mita 10 hutanuka mara mbili kamili ukifika juu, na mtanuko mkubwa zaidi uko katika mita chache za mwisho. Aliyebana pumzi akikurupuka juu kutoka mita 5 anaweza kupasua pafu. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kupumua wakati wote.

Sasa shilingi. Kwa viwango vya nauli vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwishoni mwa 2023, basi la daraja la kati ni shilingi 67.84 kwa kilomita. Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830: shilingi 56,307, au 112,614 kwenda na kurudi. Iringa ni kama kilomita 500: shilingi 67,840 kwenda na kurudi. Boti ya kasi ya Zanzibar naikadiria 35,000 kwa raia kila upande, jumla 70,000. Mbizi mbili za siku moja kwa mwenye cheti, pamoja na vifaa na mashua, kwa kawaida hucheza kati ya dola 100 na 150. Nikichukua dola 120, kwa shilingi 2,500 kila dola, ni 300,000. Ukiondoka Alhamisi alfajiri na kurudi Jumatatu, unalala nje usiku nne. Nyumba ya wageni ya kawaida kwa 40,000 inafanya 160,000, na chakula cha 20,000 kwa siku tano ni 100,000.

Jumla kwa mtu wa Mbeya ni shilingi 742,614. Kwa mtu wa Iringa inapungua kwa kama elfu arobaini na tano tu, kwa sababu nauli ya basi ndiyo pekee inayobadilika. Mbizi zenyewe ni asilimia 40 ya safari nzima. Ukigawa jumla hiyo kwa dakika 74 za mbizi mbili, kila dakika chini ya maji inakugharimu karibu shilingi 10,000.

Asiye na cheti ana njia mbili. Anaweza kulipia mbizi moja ya kuonja, akishikwa na mwalimu, na bajeti ikabaki karibu hapohapo. Au asome kozi kamili, ambayo kwa kawaida ni dola 400 hadi 600. Kwa dola 500, pamoja na nauli zile zile na siku mbili za ziada, naona bajeti inafika kama shilingi 1,813,000, ila ndani yake kuna mbizi nne za baharini na cheti kisichoisha muda. Kwa anayekusudia kurudi, kozi ndiyo rahisi. Kabla ya kupewa cheti lazima aweze kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Kwa wengi wetu tuliokulia kwenye baridi ya nyanda za juu, mbali na mabwawa ya kuogelea, hapo ndipo kazi ilipo, na ni kazi ya miezi.

Nirudi kwenye saa, maana hapa ndipo mtu wa nyanda za juu anapotofautiana na mtu wa Tanga au Mtwara. Mzamiaji akitoka majini bado ana naitrojeni ya ziada kwenye damu na misuli. Akikaa usawa wa bahari inatoka taratibu kwa pumzi. Akipanda juu haraka, mgandamizo wa hewa unapungua, na naitrojeni inaweza kufanya mapovu mwilini: maumivu ya viungo, ganzi, na katika hali mbaya kupooza. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Ushauri huo unahusu mgandamizo wa ndani ya ndege unaolingana na urefu wa mita 610 hadi 2,440.

Tazama namba hizo ukiwa na ramani ya barabara ya TANZAM. Iringa iko kwenye mita 1,550 hivi, Mbeya 1,700, Mafinga karibu 1,900. Miji yetu yote iko ndani ya masafa hayo. Kwa mwili wa mzamiaji, kufika Mafinga kwa basi ni sawa na kupanda ndege.

Mgandamizo wa hewa Mbeya ni baa 0.82 hivi. Tofauti yake na pwani ni baa 0.18, na kwa maji ya bahari hiyo ni chini ya mita 2. Mlima wote ule, kwa hesabu ya mgandamizo, ni kama kupanda mita 2 zaidi baada ya kufika juu ya maji. Inaonekana kidogo, lakini ni punguzo la asilimia 18 linalomkuta mtu ambaye mwili wake bado unajitoa kwenye mbizi.

Barabara yenyewe inamsaidia, kisha inamgeuka. Morogoro na Mikumi ziko kwenye mita 500 na kitu. Halafu baada ya Ruaha Mbuyuni unakuja mlima wa Kitonga, na katika safari fupi gari linapanda mamia ya mita. Hapo ndipo saa zako zinapohesabiwa.

Ratiba yangu ya Alhamisi hadi Jumatatu iko salama kabisa. Ukitoka majini Jumamosi saa 6 mchana, saa 18 zinatimia Jumapili saa 12 asubuhi. Unavuka Jumapili, unalala Dar es Salaam, na basi la Jumatatu alfajiri linafika Kitonga ukiwa na zaidi ya saa 48. Anayepanda ndege ya kwenda Songwe, uwanja wa Mbeya, Jumapili alasiri naye yuko ndani ya ushauri.

Hatari iko kwa anayebana matumizi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mtu anaweza kuzamia Jumamosi asubuhi, akawahi boti ya alasiri, akapanda basi la usiku na kuwa Kitonga kabla ya alfajiri, saa 15 au 16 tu baada ya mbizi ya pili. Ataokoa usiku mbili za kulala, shilingi 80,000, na atapanda mlima akiwa usingizini, dalili zikianza asizitambue. Ningependa kila kituo cha kuzamia Zanzibar kimuulize mteja Mtanzania anakoishi, kama wanavyomuuliza Mzungu saa ya ndege yake. Mteja naye aulize chemba ya matibabu ya mgandamizo iliyo karibu iko wapi na kama inafanya kazi.

Hesabu hii inanifanya niwe na wasiwasi zaidi na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kuliko Zanzibar. Ziwa hilo liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 500, na upande wa Malawi, Nkhata Bay na Cape Maclear, watalii wamekuwa wakizamia kwa miaka mingi kutazama samaki wa rangi. Siku upande wetu wa Kyela utakapopata biashara hiyo, jedwali la bahari halitatosha lilivyo: juu ya mita 300 kina huhesabiwa upya, na mita 12 za Nyasa ni salama kuzihesabu kama 13. Lakini kina si tatizo kubwa. Kutoka Matema hadi Mbeya ni saa chache tu kwa gari, kupitia Tukuyu, na mgandamizo unashuka kwa asilimia 14. Mtu wa Mbeya atashuka Jumamosi asubuhi, azamie mara mbili, na jioni awe nyumbani, bila boti wala usiku wa Dar es Salaam wa kumchelewesha. Atakayefungua kituo pale ajenge na vyumba vya kulala, na bei ya mbizi ijumuishe usiku mmoja kamili baada yake, asubuhi inayofuata ndiyo gari lianze kupanda.