Changa, Pevu au Bivu? Kupima Moduli za Lugha Mpya ya Programu

Makala haya yananuia kueleza namna mtafiti wa lugha na fasihi anavyoweza kupima iwapo moduli ya tarakilishi iko tayari kutumiwa. Moduli ni kipande cha programu kilichokwisha kuandikwa na mtu mwingine, kikawekwa katika ghala la pamoja ili wengine wasirudie kazi ileile. Lugha ya programu inapokuwa changa, ghala lake hujaa vipande vilivyoanzwa na kuachwa. Mwanafunzi anayekusanya hadithi za wafugaji mjini Garissa, kwa Kiswahili na Kisomali, na kutaka tarakilishi imhesabie maneno, hana budi kuchagua. Akichagua vibaya, takwimu za tasnifu nzima huharibika naye asijue.

Kiswahili kinatupa istilahi za kufaa. Maembe yanayolimwa kandokando ya Mto Tana huwa machanga, mapevu au mabivu. Embe pevu halijaiva, lakini likivundikwa litaiva. Embe changa likivundikwa huweza kupata rangi lisipate utamu.

Rangi ya moduli ni nambari ya toleo. Kwa desturi, nambari inayoanza na 0 humaanisha kuwa mwandishi amejiachia ruhusa ya kubadilisha lolote, na 1.0 ni ahadi ya uthabiti. Ahadi hiyo huitoa mwenyewe, wala hapana anayemhakiki. Lugha ya Rust ilifikia toleo la 1.0 mnamo Mei 2015. Hata hivyo rand, moduli yake ya kuzalisha nambari za nasibu, ilikuwa bado 0.8 mwaka 2024, ilhali imekwisha kupakuliwa mamia ya mamilioni ya mara. Hiyo ni pevu yenye rangi ya changa. Umaarufu nao si kinga: rustc-serialize ilitegemewa na wengi, kisha mwaka 2017 ikawekwa kando, serde ikashika nafasi yake.

Tazama pia moduli inategemea nyingine ngapi. Machi 2016, left-pad, moduli ya JavaScript yenye mistari 11 tu, iliondolewa ghalani na mwandishi wake, na programu nyingi zilizoitegemea zikakwama. Kwa hiyo hifadhi nakala yako, hasa ukiwa mahali ambapo mtandao hukatika.

Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni matini yako mwenyewe, na hapa nadhani sisi wa Kiswahili tunawazidi wataalamu wa tarakilishi. Ipe moduli neno ng'ombe: je, italiacha zima, au italikata kuwa ng na ombe? Kisha ipe neno la Kisomali lenye maana hiyohiyo, lo'. Katika othografia ya Kilatini iliyoanza kutumika rasmi Somalia mwaka 1972, kibainishi hicho ni sauti kamili, lakini moduli iliyoandikwa kwa kufikiria Kiingereza hukidhani alama ya kufungia nukuu, ikakitupa. Ikishindwa, mwandikie mwenye moduli ukimpelekea maneno hayo mawili, kisha uangalie kama atajibu, na baada ya muda gani.