Anakupenda, lakini hatamani tendo

Je, mwenzako hukukumbatia kwa furaha na kukupikia muthokoi uupendao, lakini ukimsogelea usiku hugeukia ukutani? Kabla hujamshuku kwamba ana mwingine mjini Machakos, au kumkimbiza kwa mganga, soma makala haya.

Wako watu ambao tangu kubalehe hawajawahi kuvutiwa na yeyote, mwanamume wala mwanamke, kiasi cha kutamani kufanya naye ngono. Huitwa aseksuali. Mwaka wa 2004, mtaalamu wa Kanada, Anthony Bogaert, alichunguza majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000, akapata kwamba takriban mmoja kati ya kila 100 yuko hivyo. Huu si ugonjwa, si laana, wala si uhanithi. Lakini ikiwa hamu ilikuwepo kisha ikatoweka, muone daktari, kwani kisukari, huzuni nzito na baadhi ya dawa za shinikizo la damu zaweza kuiua.

Kukosa tamaa si kukosa mapenzi. Wengi hupenda kushikwa mkono, kukandwa mgongo au kulala kifuani pa mwenzao. Wengine hufurahia hata michezo inayodhaniwa kuwa ya ashiki tu, kama vile kufungwa macho au mikono kwa leso. Utafiti wa Lorca Jolene Sloan, uliochapishwa 2015 katika jarida la Sexualities, ulionyesha kwamba kwa aseksuali michezo hiyo yaweza kujenga ukaribu usiotegemea ngono. Utamu wake ni kumwamini mwenzako. Kwa hivyo kubalianeni mapema, chagueni neno la kusimamisha mchezo, na msifunge chochote shingoni.

Ukambani si ajabu nyumba kusimama bila ngono kati ya waliooana. Katika desturi ya iweto, mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwingine kwa mahari ili azaliwe watoto wa nyumba yake. Wawili hao hawalali kama mume na mke. Hao si aseksuali, lakini desturi yao yaonyesha kwamba kitanda si nguzo pekee ya boma.

Hatari iko katika kufichana. Sheria ya Ndoa ya 2014 humruhusu mwanandoa kuomba mahakama ibatilishe ndoa ambayo tendo halijafanyika. Vilevile, sheria ya 2015 ya kukinga dhuluma za nyumbani hutambua dhuluma ya kingono ndani ya ndoa. Kulipa mahari hakukupi ruhusa ya kumlazimisha mtu.

Iwapo ni wewe usiye na hamu hiyo, mwambie mchumba wako kabla mbuzi wa ntheo hawajapelekwa. Mweleze unachopenda, usichoweza, na kama uko tayari kuzaa. Na wewe unayeambiwa, usikimbilie kumlaumu wala kujilaumu. Jiulize kama waweza kuridhika na mapenzi ya namna hiyo. Ukiona huwezi, sema sasa. Afadhali machozi ya uchumba kuliko ya ndoa.