Je, Wajua? Vaisi Kuukuu na Siri Zake

Kamusi zinasema jiliwa. Lakini ingia gereji yoyote ya Gerezani au Kamukunji uombe jiliwa, watakutazama tu. Omba vaisi, na utaonyeshwa kwa kidole chenye grisi lile dude la chuma lililofungwa kwa bolti pembeni mwa meza, limeng'ata kipande cha bomba. Huko Marekani na Uingereza wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaolikusanya dude hilo kama wengine wanavyokusanya stempu. Wanalinunua likiwa limejaa kutu na kulifufua. Wengine huliuza, na wengine hushindwa kabisa kuachana nalo. Nilidhani ni wazimu mpaka nilipoanza kusoma. Haya ndiyo niliyookota.

Mama wa vaisi ni mbao

Kila vaisi kuukuu ya chuma cha kusubu, kile ambacho mafundi hukiita kasti, ilianza maisha yake ikiwa mbao. Mchongaji alitengeneza umbo lote kwa mti, likakandamizwa kwenye mchanga na kutolewa, kisha chuma kilichoyeyuka kikamiminwa katika nafasi iliyobaki. Utamu wenyewe uko kwenye rula ya mchongaji huyo. Chuma kikipoa hunywea kwa takriban asilimia 1, kwa hiyo rula zao zilirefushwa makusudi: iliyoandikwa inchi 24 ilikuwa na urefu wa inchi 24 na robo. Yaani rula ya uongo inayotoa kipimo cha kweli!

Mkono mmoja, uzito wa Vitz

Mtu mwenye nguvu za kawaida, kwa mkono mmoja tu, anaweza kubana kitu kwa nguvu inayokaribia uzito wa Toyota Vitz. Tupige hesabu pamoja. Chukua vaisi yenye mpini wa sentimita 25 na skrubu inayosogea milimita 6 kila mzunguko. Ukizungusha mara moja, kiganja chako kimesafiri zaidi ya mita moja na nusu, na taya limesogea milimita 6 tu. Nguvu yako imezidishwa mara 260 na ushei. Sukuma kwa kilo 20, na kwa hesabu ya karatasini unapata tani 5.

Ila kuna mwizi njiani, jina lake msuguano. Kwenye vaisi ya namna hii anaweza kula sehemu nne katika kila tano, nawe ukabakiwa na tani 1 hivi. Usimlaani, kwani mwizi huyu ndiye mlinzi wako: ndiye anayezuia skrubu isijirudishe yenyewe. Vaisi isiyo na msuguano ingefunguka pale pale ulipoachia mpini.

Mzabibu ndani ya gereji

Jina la Kiingereza la chombo hiki, ambalo sisi tumelifanya vaisi, asili yake ni neno la Kilatini *vitis*, yaani mzabibu. Wafaransa wa zamani waliiita skrubu kwa jina hilo kwa sababu inajizungusha kama kikono cha mzabibu kinavyopanda mti. Nasi tuna safari yetu: parafujo ni Kireno, *parafuso*, neno lililobaki Pwani wakati wenyewe walishaondoka.

Vaisi yenye mguu

Vaisi za wahunzi wa kale zilikuwa na mguu mmoja mrefu ulioshuka mpaka sakafuni. Haukuwa urembo. Mhunzi hupiga chuma chenye moto kikiwa kimebanwa, na kila pigo la nyundo lilipita kwenye mguu ule likaishia ardhini. Meza ikasalimika.

Cha kushangaza zaidi ni namna walivyochora mizingo ndani ya kopo la skrubu, yaani bomba ambamo skrubu huingia, mahali ambapo tupa haifiki. Hawakuichora! Walisokota kipande cha chuma kuzunguka skrubu yenyewe mpaka kikaifuata mizingo yake, wakakitumbukiza ndani ya kopo, kisha wakakigandisha humo kwa kuyeyusha shaba. Ukimulika tochi ndani ya kopo la namna hiyo, mara nyingine utaiona shaba ile iking'aa kwenye maungio, mfano wa jino la dhahabu. Mwaka 1678 Mwingereza Joseph Moxon alikuwa akichapisha kitabu chake cha kazi za mafundi, na vaisi ya mhunzi tayari imo.

Kwanza kahawa, kisha nyama, halafu vaisi

Charles Parker wa Meriden, jimbo la Connecticut, alianza mwaka 1832 kwa kutengeneza vinu vya kusagia kahawa. Baadaye jina lake likawa kwenye vaisi, na pia kwenye bunduki za mitutu miwili ambazo wawindaji wa Marekani bado wanazitamani. Katika jimbo jirani la Massachusetts, kampuni ya Athol Machine iliundwa mwaka 1868 ili itengeneze mashine ya kukatakata nyama, nayo ikaishia kusubu vaisi. Kinu, mashine ya nyama na vaisi: ukivitazama vyote ni chuma cha kusubu na mpini wa kuzungusha, kwa hiyo pengine hawakuhama mbali sana.

Tarehe yake si ya kuzaliwa

Wakusanyaji wa vaisi za kampuni ya Wilton wana tabia moja: kabla ya salamu wanafungua taya mpaka linatoka lote, kisha wanachungulia chini yake. Humo kuna tarehe iliyogongwa kwenye chuma. Mgeni huidhani ni siku ya kutengenezwa, kumbe kwa vaisi nyingi ni siku ambayo dhamana ya miaka 5 ilikwisha. Ukikuta 5-61, basi ilitoka kiwandani mwaka 1956. Ni vyombo vichache duniani ambavyo umri wake unaujua kwa kusoma tarehe ya kuisha kwa ahadi!

Kampuni hiyo ilianzishwa Chicago mwaka 1941 na Hugh Vogl, mhamiaji kutoka Czechoslovakia, na jina lake lilitokana na mtaa wa Wilton. Vaisi zake huitwa "risasi" kwa sababu ya umbo: skrubu na nati yake zimefichwa ndani ya mwili wa mviringo, na vumbi la tupa halizifikii. Ndiyo maana nyingi, hata zenye umri wa babu, zikifunguliwa hukutwa na skrubu safi kabisa.

Kobe anayepinduka

Mwaka 1891 Joseph Emmert wa Waynesboro, Pennsylvania, alipata hataza ya vaisi inayozunguka duara zima, inayolala chali na inayobana hata kipande kilichochongwa upogo. Mgongo wake umevimba, hivyo watu wakaipa jina la utani la kobe. Ile kubwa ina taya zenye upana wa inchi 18 na uzito wa karibu kilo 40, pungufu ya mfuko wa saruji. Unakumbuka wale wachongaji wenye rula za uongo? Hii ilikuwa vaisi yao.

Magadi, chaja na ndoo

Kutu ya miaka 60 inaweza kuondoka usiku mmoja bila tindo wala msasa, nawe umelala. Jaza maji kwenye ndoo ya plastiki, weka magadi soda ya kufulia kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita 4. Tumbukiza kipande cha vaisi upande huu na kipande cha chuma chakavu upande ule, visigusane. Leta chaja ya betri ya gari: waya wa hasi kwenye vaisi, wa chanya kwenye chakavu. Mapovu yataanza kupanda kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Asubuhi kutu itakuwa imegeuka uji mweusi unaotoka kwa brashi.

Tahadhari tatu, nami sitanii. Ukikosea waya, utakuwa unaila vaisi yako na kuiponya ile chakavu. Fanya kazi hii nje au penye hewa ya kutosha, kwa sababu yale mapovu yana hidrojeni, gesi inayolipuka. Na usitumie kijiko au sufuria isiyoshika kutu mahali pa ile chakavu. Ndani yake mna kromiamu, na maji yatakayobaki yatakuwa sumu.

Raha yangu mimi iko kwenye kiungo chenyewe. Magadi hayo ndiyo yaliyolipa jina Ziwa Magadi la Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianza mwaka 1911. Mkusanyaji wa Ohio anayanunua kwenye boksi la sabuni. Sisi tumejaliwa ziwa zima.

Asiye na umeme ana molasi. Sehemu 1 ya molasi kwa sehemu 9 za maji, subiri wiki mbili au tatu, na kutu inaachia yenyewe. Harufu yake nakuachia wewe na majirani mmalizane.

Mungu wa kale mezani kwa fundi

Vaisi za Uingereza zenye jina Woden zilitoka mji wa Wednesbury, na mji huo una jina la Woden, mungu wa Waingereza wa kale, ambaye pia ndiye mwenye Jumatano yao, Wednesday. Wapinzani wao walikuwa Sheffield: C. & J. Hampton, wenye vaisi za Record zilizopakwa rangi ya buluu. Kama ulipita shule ya ufundi ya zamani, huenda uliwahi kuishika moja bila kujua.

Aliyekata kiti chake mwenyewe

Mwaka 1961 Ron Hickman, mzaliwa wa Greytown, Afrika Kusini, alikuwa akitengeneza kabati, na kiti ndicho alichokifanya meza ya kukatia. Msumeno ukakata ubao, ukapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Kutokana na hasara hiyo akabuni Workmate, meza inayokunjwa ambayo juu yake pote ni vaisi. Black & Decker waliikataa mara ya kwanza, wakaja kuikubali miaka ya 70 mwanzoni, na zimeuzwa mamilioni kwa mamilioni. Huyu huyu ndiye aliyesanifu gari la Lotus Elan.

Ndogo ghali, kubwa rahisi

Katika biashara hii ukubwa haupangi bei. Vaisi ya Wilton yenye taya za inchi 2, ambayo wenyewe huiita kitoto, huweza kupita kwa bei vaisi kadhaa zinazoizidi uzito mara nyingi. Posta nayo inasaidia. Marekani kuna maboksi ya posta yenye nauli moja bila kujali uzito, mradi usizidi pauni 70, karibu kilo 32. Wauzaji huifungua vaisi vipande vipande, wakavitia humo, na mtu wa posta akaachiwa kazi ya kushangaa kiboksi kidogo kisichoinuka.

Gonga, kisha sikiliza

Fundi mmoja wa Gerezani alinionyesha jinsi ya kununua. Hakuangalia rangi. Alitwaa nyundo ndogo, akagonga taya, akagonga mgongo, akagonga kitako. Chuma kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinatoa sauti bubu, kama chungu kilichopasuka. Kisha akakwangua rangi kwa ukucha pale palipokuwa na uvimbe, na chini yake ikaonekana shaba: ilishavunjika ikaungwa. Bei ikashuka pale pale.

Kwa hiyo kama iko moja nyuma ya nyumba yenu, imelala chini ya mabati, usiiuze kwa kilo leo. Isugue ubavuni kwanza uone imeandikwa nini.