Mawimbi ya Chini ya Bahari na Mvua Inayofika Ngara

Muuza viatu wa Ngara hana haja ya kujua maji yanajaa saa ngapi Kilindini. Bahari iko mbali, karibu kilomita 480 kwa barabara, na jiji limekaa zaidi ya mita 1,600 juu yake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mvua inayofurisha Mto Nairobi hutokana na unyevu wa Bahari Hindi, na wingi wake hutegemea joto la maji ya juu. Mwaka 2019, na tena 2023, upande wa magharibi wa bahari hiyo ulipata joto kuliko kawaida, na mvua ya vuli ikapita kiasi katika Afrika Mashariki.

Jambo moja linalopunguza au kusambaza joto hilo halionekani kwa macho. Ni mawimbi yanayosafiri ndani ya bahari yenyewe.

Ili kuyaelewa, chukua chupa ya plastiki, tia maji nusu, kisha ujaze mafuta ya kupikia. Ilaze na uitikise polepole. Juu ya mafuta hakuna msukosuko mkubwa, lakini pale mafuta yanapokutana na maji patainuka wimbi kubwa, tena la taratibu. Bahari nayo ina matabaka: maji ya joto na mepesi juu, ya baridi na mazito chini. Maji yanapojaa na kupwa, takriban kila saa 12 na dakika 25, hupita juu ya milima iliyozama na kando ya visiwa. Mlima huyasukuma maji mazito juu. Yakishaupita hushuka tena, na wimbi huanza safari.

Katika bahari yetu, mahali panapojulikana zaidi kwa jambo hili ni tuta la Mascarene, kati ya Ushelisheli na Mauritius, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Mombasa. Katika pengo lililo kati ya vilima vya Saya de Malha na Nazareth huzaliwa mawimbi ya ndani yanayoweza kufikia mita 100 kwenda juu, marefu kuliko maghorofa mengi ya Nairobi. Baharia anayepita juu yake huenda asihisi lolote, kwa kuwa uso wa bahari huinuka sentimita chache tu. Mawimbi haya huenda kwa kasi ya mtu anayekimbia polepole. Wakati wa bamvua hupata nguvu. Wakati wa maji mafu hufifia.

Yakivunjika, huchanganya maji baridi na ya joto. Katika visiwa vya Indonesia, watafiti wamekadiria kuwa mchanganyiko wa aina hii hupoza uso wa bahari kwa takriban nusu digrii. Ni kiasi kidogo kwa anayeoga, lakini kwa mawingu ya mvua si kidogo hata kidogo.

Kuyaingiza mawimbi haya kwenye modeli ya kompyuta ndiko kwenye kazi. Kompyuta huigawa bahari katika vyumba na kukokotoa maji yanayoingia na kutoka katika kila kimoja. Wimbi la ndani lina urefu wa kilomita mia moja hivi kutoka kilele hadi kilele. Chumba chenye upana wa kilomita 100 hakiwezi kuliona, kama vile wavu wa matundu makubwa usivyoshika dagaa. Vyumba vikipunguzwa, gharama ya kompyuta hupanda vibaya. Hivyo modeli nyingi za hali ya hewa hazilichori wimbi, bali hukadiria tu mchanganyiko wake. Tatizo jingine ni ramani: ni takriban robo tu ya sakafu ya bahari duniani iliyopimwa kwa vifaa vya kisasa, na mlima usiojulikana hauwezi kuwekwa kwenye hesabu.

Setilaiti zimesaidia. Tangu TOPEX/Poseidon iliporushwa mwaka 1992, zile sentimita chache za juu zinaweza kupimwa kutoka angani, na modeli zikasahihishwa kwazo. SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, huona kwa undani zaidi.

Makadirio ya namna hii ni miongoni mwa sababu za utabiri wa msimu kutolewa kwa lugha ya uwezekano: mvua "huenda ikazidi wastani". Hautaji siku mto utakapofurika. Anayeishi au kufanya biashara kando ya Mto Nairobi anahitaji pia utabiri wa kila siku, unaotegemea zaidi mawingu na upepo wa saa hizo.